Uyoga na Neno la Mwalimu

Kuna swali ambalo limenikaa moyoni kwa zaidi ya miaka 10, nami nimeona ni vema niliandike kabla kumbukumbu haijaanza kuniponyoka. Swali lenyewe ni hili: mtu anapowaambia wenzake kwamba kitu fulani ni salama, au kwamba kinaponya, anakuwa amejitwika mzigo gani? Je, nia njema inatosha kumwondolea lawama? Nitalijadili kwa njia ya uyoga, kwa sababu ndiko lilikoanzia, na kwa sababu sijaona chakula kingine kinachomdai msemaji ukweli kama uyoga.

Nilizaliwa katika nchi ya miombo, upande wa Sikonge, kusini ya Tabora. Kwetu mvua za kwanza huanza mwezi wa 11, na siku chache baadaye uyoga hutokeza. Watu wa mjini wakitaka kusema kwamba jambo limezuka ghafla husema limeota kama uyoga. Msemo huo ni mzuri, lakini hausemi kweli yote. Uyoga tunaouona ni kama tunda tu. Mmea wenyewe, kama naweza kuuita hivyo, ni nyuzi nyembamba zilizotambaa chini ya ardhi kwa miaka mingi. Ule unaoota juu ya vichuguu hulimwa na mchwa, ambao huutunza shimoni kwa majani na vijiti walivyotafuna, nao huwalipa kwa kuwalainishia chakula hicho. Ule unaoota chini ya mitundu na miombo umeshikamana na mizizi ya miti hiyo, hivi kwamba ukikata miti, uyoga nao hukoma. Wakulima wa tumbaku waliofyeka misitu ili wapate kuni za kukaushia majani yao wanalijua hilo vizuri.

Mwalimu wangu wa uyoga alikuwa bibi yangu mzaa mama, mwanamke asiyejua kusoma hata herufi moja. Alitupeleka msituni alfajiri, sisi wajukuu watano au sita, kila mmoja na kikapu chake. Tuliruhusiwa kuchuma chochote tulichodhani ni chema. Kazi ilikuwa nyumbani. Bibi aliketi kwenye kigoda, akamwaga kikapu cha kila mtoto juu ya ungo, akashika uyoga mmoja mmoja. Aliutazama juu na chini, akazichungulia zile kuta nyembamba zilizo chini ya kofia, akavunja shina, akanusa, akauliza: "Huu umeuchuma wapi? Chini ya mti gani?" Ulioridhisha aliuweka upande wa kulia. Ambao haukuridhisha aliutupa shimoni, na aliyeuleta akaenda kunawa mikono.

Nilichokuja kukitambua nikiwa mtu mzima ni neno alilotumia wakati wa kutupa. Mara chache sana alisema, "Huu una sumu." Mara nyingi alisema, "Huu siujui." Kwake maneno hayo mawili yalikuwa na hukumu moja. Hakuona haya kuyasema mbele ya watoto, wala hakuna aliyemdharau kwa sababu hiyo. Mimi nilikaa katika elimu karibu miaka 40, kati ya hiyo kadhaa nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu, na nakiri kwamba nilikutana na wasomi wachache sana walioweza kusema "hili silijui" kwa utulivu kama wa bibi yule. Mimi mwenyewe sikuwa mmoja wao.

Uyoga ukishachaguliwa ulipikwa kwa karanga zilizotwangwa, na uliobaki ulianikwa juani ukawekwa akiba ya kiangazi. Leo wataalamu wanatueleza kwamba jua linapoupiga uyoga huigeuza ile kemikali yake iitwayo ergosteroli kuwa vitamini D. Bibi hakujua jina hilo. Alijua kwamba uyoga ulioanikwa haukuoza na ulinoga kuliko ule mbichi. Mchuzi wake aliwapa wanawake waliojifungua na watu walioinuka kitandani baada ya ugonjwa. Alipoulizwa kama ile ni dawa, alijibu kwamba ni chakula cha kurudisha nguvu. Dawa, kwake, lilikuwa neno jingine, na hakulitumia ovyo.

Kulikuwa na aina moja ambayo aliitumia kama dawa hasa. Ni ule wa mviringo kama mpira mdogo, ambao ukikauka na kubonyezwa hutoa vumbi la rangi ya kahawia. Watu wengi wa Afrika, na hata wa Ulaya zamani, walijua kupaka vumbi hilo kwenye jeraha ili damu ikatike. Nilipojikata mguu kwa jembe nikiwa na miaka 9 alinipaka vumbi hilo, akafunga kitambaa, akamwambia mama: "Huu unazuia damu tu. Kesho kutwa kidonda kikinuka, mpeleke zahanati." Alijua dawa yake inaishia wapi. Hadi leo nayahesabu maneno yale kuwa sehemu ya tiba yenyewe.

Kisha kulikuwa na desturi ya jioni. Chungu kilipoteremshwa, hakuna mtoto aliyenyoosha mkono kabla ya bibi kula tonge la kwanza la ugali na mboga ile. Kwa miaka mingi nilidhani kwamba alikuwa akijaribu, kwamba kama una sumu, basi imwanze yeye. Baadaye nilipofundisha sayansi nilijifunza kwamba kujaribu kwa namna hiyo hakufai kitu. Uko uyoga wa Ulaya uliokwisha kusambaa nchi nyingi, ambao wataalamu huuita Amanita phalloides, na Wazungu huuita kofia ya kifo. Sumu yake haiharibiwi kwa kuchemsha wala kwa kukausha. Mtu hula, huusifu utamu wake, hulala salama, na huenda akapata saa 6 hadi 12 au zaidi kabla ya kuanza kutapika na kuharisha. Baadaye hupata nafuu ya uongo, akadhani amepona, kumbe ini lake linaharibika. Tonge la kwanza halifichui sumu ya namna hiyo. Halikadhalika hakuna ukweli katika yale majaribio ya mitaani ya kutumbukiza sarafu ya fedha sufuriani uone kama itageuka nyeusi, au kutazama kama wadudu wameutafuna.

Basi bibi hakuonja ili ajue. Alionja kwa sababu alikwisha kujua. Tonge lile lilikuwa kiapo. Lilisema: neno langu juu ya chungu hiki nimeliweka tumboni mwangu kabla sijaliweka matumboni mwenu.

Mwaka 1979, nikiwa nafundisha katika Nyanda za Juu Kusini, bibi alikuja kunitembelea. Ulikuwa msimu wa mvua, na chini ya misonobari iliyopandwa karibu na nyumba za walimu uyoga ulikuwa umejaa, mnono na wa kupendeza. Mimi na mke wangu tulifurahi sana, tukampa kikapu. Alizunguka chini ya miti ile kwa muda mrefu mikono ikiwa nyuma, akarudi na kikapu kitupu. "Hii miti si ya kwetu," alisema, "na huu uyoga umekuja nayo. Mimi hapa ni mgeni. Waulize wenyeji." Nilimcheka kidogo. Sasa najua kwamba alisema kweli kuliko alivyodhani, maana misonobari ilipoletwa Afrika ililetwa pamoja na kuvu wanaoishi katika mizizi yake. Na najua kwamba huko Marekani na Australia wamekufa wahamiaji kutoka Asia waliokuta kofia ya kifo, wakaudhania kuwa uyoga wa majani ya mpunga waliouzoea kwao. Si kwamba hawakujua uyoga. Waliujua sana, ila ujuzi wao ulikuwa wa msitu mwingine.

Sasa nifike mahali panaponiuma.

Mwaka 2013, nikiwa nimekwisha kustaafu na kurudi Tabora, alinijia kijana mmoja aliyekuwa mwanafunzi wangu chuoni. Aliamkia kwa adabu, akaketi, akatoa mkobani pakiti za unga na za kahawa iliyochanganywa na uyoga. Ulikuwa uyoga mgumu mwekundu unaong'aa, ambao Wachina huuita lingzhi na Wajapani reishi, nao wameuheshimu kwa karne nyingi. Alikuwa na karatasi yenye orodha ya magonjwa iliyojaza ukurasa mzima, tangu kisukari hadi saratani. Kila muuzaji alilipwa kwa kuuza na pia kwa kuleta wauzaji wengine. Simlaumu kijana yule kuliko ninavyojilaumu mwenyewe. Yeye alikuwa ameambiwa, akaamini, na alikuwa na watoto wa kulisha.

Aliniachia pakiti bila malipo. Nilikunywa kahawa ile kwa wiki mbili, na magoti yangu, ambayo yalikuwa yakinisumbua, yakawa mepesi. Ndugu msomaji, kwa miaka mingi nilisimama ubaoni nikiwafundisha walimu wanafunzi kwamba jambo likifuata jambo jingine si lazima liwe limesababishwa nalo. Wiki zile mbili nilikuwa pia nimepumzika kulima. Lakini kijana alipoitisha mkutano wa watu wa mtaani na kuniomba niseme neno, nilisimama, nikasimulia habari za magoti yangu, na nikamaliza kwa kusema: "Dawa hii sina shaka nayo." Watu walipiga makofi. Kusema kweli, niliyafurahia makofi yale. Mstaafu hapati makofi mara nyingi.

Katika watu waliokuwapo alikuwamo mdogo wangu wa mwisho, fundi seremala, ambaye tangu mwaka 2008 alikuwa akimeza vidonge vya shinikizo la damu. Alinunua pakiti. Miezi minane baadaye aliamka asubuhi mkono na mguu wa kulia haumtii. Ulikuwa ni ugonjwa wa kiharusi. Nilipokaa kando ya kitanda chake hospitalini tulizungumza hivi:

"Vidonge uliacha lini?"

"Mwezi wa 3, Kaka. Baada ya ule mkutano."

"Nani alikuambia uache?"

"Si wewe uliyesema huna shaka na ile dawa?"

"Lakini sikusema uache vidonge."

Alinyamaza kidogo, kisha akasema polepole kwa mdomo uliokwenda upande: "Hukusema nisiache."

Tangu siku hiyo nimejitetea mbele ya nafsi yangu kwa hoja tatu, na zote tatu zimeanguka.

Hoja ya kwanza ni kwamba sikusema aache vidonge. Ni kweli. Lakini bibi alipopaka vumbi la uyoga kwenye mguu wangu hakuishia kusema "unazuia damu". Aliongeza neno "tu", na akasema ni lini nipelekwe zahanati. Mwenye kusifu dawa bila kutaja mpaka wake amesema nusu, na nusu ile nyingine msikilizaji ataijaza kwa matumaini yake. Mgonjwa aliyechoka kumeza vidonge kila siku ana matumaini mengi ya kujazia.

Hoja ya pili ni nia njema. Nilimtakia mdogo wangu mema, na hakuna anayeweza kunibishia hilo. Hata hivyo, nia ni mali ya msemaji, ila neno likishatoka huwa mali ya msikilizaji. Tungemwambia nini mtu aliyewapikia wageni uyoga asioujua, kisha akasema aliwapenda sana? Tungemhurumia, lakini tusingesema hana hatia.

Hoja ya tatu ni kwamba mdogo wangu alikuwa mtu mzima mwenye akili zake. Hii ndiyo iliyonishika kwa muda mrefu zaidi, maana ina heshima ndani yake. Lakini fikiri: ni nani kati yetu aliyejipimia mwenyewe kidonge anachomeza, au maji anayokunywa, au daraja analopita? Tunaishi kwa maneno ya wenzetu. Kuamini si ujinga. Bila kuamini, hakuna mtoto ambaye angekula jioni. Ndiyo maana mzigo hauwezi kuwa wote juu ya anayeamini. Kwa sehemu kubwa umo juu ya yule anayeaminiwa, na kadiri anavyoaminiwa zaidi ndivyo unavyozidi uzito. Kijana yule alihitaji jina la Mwalimu. Magoti yangu hayakuwa na maana kwake. Nami nilimkopesha jina hilo bila kuuliza litatumika kununua nini.

Hapo huenda msomaji akaniuliza: Je, unataka basi tuidharau elimu ya wazee mpaka maabara iseme? Sivyo. Hata serikali yetu haikufanya hivyo. Huko Muhimbili kitengo cha kuchunguza dawa za asili kilianzishwa mwaka 1974, na tangu mwaka 2002 tuna sheria ya tiba asili na tiba mbadala. Wala sidharau kuvu. Penisilini, ambayo Alexander Fleming aliigundua mwaka 1928, ilitoka kwenye ukungu, ambao ni ndugu wa uyoga. Dawa za kwanza za jamii ya statini, za kupunguza mafuta katika damu, zilipatikana kwa kuvu, kwa kazi iliyoanzwa na Mjapani Akira Endo katika miaka ya 1970. Japani walitumia lentinani, inayotolewa katika uyoga wa shiitake, pamoja na dawa nyingine za saratani ya tumbo kuanzia mwaka 1985. Lakini angalia zilivyopita. Ziligawanywa, zikapimwa kwa miligramu, zikajaribiwa, na zilizoshindwa zikaandikwa kuwa zimeshindwa.

Lingzhi nao umepimwa. Mwaka 2015 watafiti wa Cochrane, wanaokusanya na kulinganisha majaribio ya tiba duniani, walichapisha uchunguzi wao kuhusu uyoga huo na hatari za ugonjwa wa moyo, yaani shinikizo la damu, sukari na mafuta. Walipata majaribio 5 yenye watu 398 kwa jumla, na hawakuona ushahidi wa kuunga mkono matumizi yake kwa wenye kisukari cha aina ya pili. Hawakusema kwamba uyoga huo hauna faida yoyote duniani. Walisema, kwa lugha ya kitaalamu, lile neno la bibi: kwa jambo hili, hatuujui kuwa ni dawa.

Nionavyo mimi, bibi yangu na mtafiti wa kweli wako upande mmoja. Wote wawili wamekaa na kitu chao muda mrefu. Wote wawili wanaweza kusema "siujui". Na wote wawili wanapatikana mambo yakiharibika: mmoja ameketi kwenye chungu kile kile, na mwingine ameandika jina lake chini ya kazi yake. Upande wa pili tulikuwa mimi na yule kijana. Tuliazima neno "asili", ambalo ni heshima ya watu kama bibi yangu, tukalibandika kwenye pakiti ya kiwandani, yenye uyoga ambao bibi hakuwahi kuuona. Kisha tukaondoka mkutanoni bila hata mmoja wetu kuonja kile alichokuja kukionja mdogo wangu.

Jibu langu kwa lile swali la mwanzo ni hili. Anayewaambia watu kwamba kitu ni salama au kinaponya amejiweka rehani. Asiseme ila lile alilolijua kwa msitu wake mwenyewe. Ataje na mpaka wake. Na awe tayari kuketi pale pale mpaka asubuhi, awaone walioamini neno lake wakiamka. Asiyeweza hayo aseme "siujui". Neno hilo halijawahi kumwua mtu.

Mdogo wangu anaishi nami sasa. Randa na misumeno yake imo stoo, naye amejifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Mvua za mwaka jana zilipoanza nilikwenda sokoni, nikamkuta mama mmoja mwenye uyoga wa kichuguu kwenye beseni. Nilimwuliza, "Mama, huu umeuchuma wapi? Na ninyi nyumbani mmekula?" Alinitajia kichuguu chenyewe, kando ya shamba la babake, akasema wamekula tangu juzi, yeye na watoto wake. Nilichukua mafungu mawili. Nyumbani niliuangalia mmoja mmoja kama nilivyofundishwa, nikatupa miwili, nikaupika kwa karanga. Tulipoketi nilikula tonge la kwanza. Mdogo wangu alinitazama, akacheka, akasema: "Mwalimu, safari hii umeonja."

Nilicheka naye. Kisha nikamwuliza, kama ninavyomwuliza kila jioni, kama amekwisha kumeza vidonge vyake.